Maji Hayakusubiri Amina

Nianze kwa kusema ukweli: aibu hii bado sijaizoea. Mpaka leo nikikutana na mtu wa jumuiya yetu hapa Sakina naangalia chini kama nimeangusha sindano, na wao wananisalimia vizuri tu, "Eli, hujambo, kuku wanataga?", lakini nawaona midomoni kwamba wanakumbuka mwiko. Mimi si mtu wa maneno mengi. Shule niliishia darasa la saba kule mlimani, kuandika naandika polepole, na kusema mbele za watu ndiyo siwezi kabisa, ulimi unageuka gunzi. Kwa hiyo nimeona niwaandikie ninyi rafiki zangu jinsi ilivyokuwa, mcheke mara moja, yaishe.

Naishi kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye wote wanamwita Mama Glory. Glory mwenyewe yuko shule ya bweni, hivyo nyumbani tupo wawili na kuku wa mayai. Mwaka jana shangazi alinunua mashine ya kufulia kwa kijana mmoja anaitwa Rama, anauza vyombo vya umeme vilivyotumika pale barabara ya Nairobi. Ni zile za mfuniko wa juu. Ilipoingia ndani shangazi aliizunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, halafu akaniwekea sheria moja tu: "Eli, ukiona inafanya kitu usichokielewa, usiiguse. Niite mimi." Nikasema ndiyo shangazi. (Mimi husema ndiyo shangazi kwa kila kitu, ndiyo kilichoniponza.)

Jambo la pili la kujua ni kuhusu maji. Bomba kwetu halitoki kila siku, kwa hiyo nyuma ya nyumba kuna tangi jeusi juu ya mnara wa vyuma, maji yanapanda yakipatikana na kutoka pale yanashuka ndani. Masika ikichanganya, maji yanakuja na rangi ya chai ya rangi, na chini ya ndoo unakuta mchanga mweusi wa mlima, laini kama unga wa ulezi. Bomba la jikoni lilipoanza kutoa matone wiki moja kabla, nilifungua kichujio cha mdomoni, nikamwaga mchanga, na sikukirudisha. Maji yakatoka vizuri. Majirani wote wanafanya hivyo masika, vichujio vyao viko dirishani vimekauka. Nikajiona nimeshakuwa fundi.

Na jambo la tatu, nalo ni muhimu kuliko yote: naogopa umeme. Siogopi kidogo. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, waya uliangukia migomba ya jirani yetu baada ya mvua, na ndama wake alikuwa amefungwa pale. Hakulia hata. Alikanyaga majani mabichi akalala chini, basi, na baba akatushika mashati sote tusisogee. Tangu siku ile maji na umeme nikiviona chumba kimoja natafuta mlango kwanza.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi na jumuiya ilikuwa kwetu. Jumuiya ni sisi majirani wa kanisa moja, tunakutana nyumba kwa nyumba, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa mwingine, tunaimba, tunasoma Neno, tunaomba, halafu tunakunywa chai. Zamu ikifika kwako, nyumba inasafishwa mpaka nyuma ya kabati ambako hakuna mgeni atakayechungulia. Asubuhi shangazi alinikabidhi vitambaa vyake vyeupe vya makochi.

"Eli, hivi viwe vimekauka kabla ya saa tisa. Mzee Eliakimu hawezi kukalia kochi tupu kama yuko stendi."

"Ndiyo shangazi."

Akaenda sokoni. Nikatia vitambaa, nikatia sabuni, nikawasha. Maji yakaingia kwa matone. Nikangoja nusu saa, hayajafika hata robo. Nikajua ni mchanga. Nikafungua mpira wa maji nyuma ya mashine (yalinirukia usoni, maana kale kakoki ka ukutani kalishakatika kishikio zamani, hakafungiki, nikawa nakinga na ndoo), na pale mpira unapoingilia nikakuta kichujio kidogo cha plastiki, ukubwa wa kofia ya kidole ya fundi cherehani, kimejaa tope jeusi. Kukisafisha kwa mswaki ingekuwa dakika tano. Mimi nikakitia mfukoni mwa shati, nikarudisha mpira bila chenyewe.

Maji yakaingia kama mto Themi. Nikasimama pale mikono kiunoni, najipongeza.

Halafu umeme ukakatika. Saa sita, saa saba, saa nane, hakuna umeme, na vitambaa viko ndani vinaelea kwenye povu. Ningevitoa nikavikamua kwa mkono vingekauka, hilo naliona leo. Siku ile nilikaa kwenye ndoo nasubiri umeme, kwa sababu nilikuwa na mashine, na mwenye mashine hakamui. Shangazi akarudi na ndizi na maziwa.

"Vitambaa viko wapi?"

"Viko kambani, shangazi."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka tu. Hakwenda kuangalia, alikuwa na haraka ya maandazi, saa tisa ilipofika akatandika kanga zake kwenye makochi akisema vitambaa vya siku hizi havikauki, na mimi nikakubali kwamba havikauki.

Saa kumi watu wakaanza kuingia. Viatu wakaviacha kwenye kibaraza kama kawaida, jozi kama ishirini hivi. Mzee Eliakimu, mzee wetu wa kanisa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango mkubwa, chini ya swichi kubwa ya umeme wa nyumba nzima. Jeremia, mpigaji wetu, akaja na kinanda chake, akakichomeka kwenye ekstensheni, na ile ekstensheni ikalazwa sakafuni katikati ya sebule kwa sababu waya wake ni mfupi. Na kando ya ekstensheni, kwenye mkeka, akaketishwa Koko. Koko ni bibi wa Kiarusha, jumuiya nzima tunamwita hivyo, hapendi kochi, anasema makochi yanamzamisha. Goti lake moja limekufa. Kumkalisha wanahitajika watu wawili, na kumnyanyua watatu. Alinyoosha miguu yake mikavu, mitupu, vidole vikawa karibu kabisa na ekstensheni. Sikuliwaza hilo wakati ule. Baadaye sikuwaza kitu kingine.

Wimbo wa kwanza tuliuimba bila kinanda. Katikati ya wimbo wa pili umeme ukarudi, kinanda kikalia "piii", watu wakacheka na kupiga makofi. Na kule bafuni, mwisho wa korido, mashine ikaamka yenyewe ikaendelea pale ilipoachia.

Nilikwenda mbio kwa vidole. Ningeizima pale pale kwa kidole kimoja. Lakini nikawaza, imebaki kusuuza tu, acha imalize, wakiingia kwenye chai navianika haraka, shangazi hatajua. Nikaifunika na blanketi isisikike, nikafunga mlango wa bafu, nikarudi kusimama kwenye pembe ya korido kama askari anayelinda benki, uso mtakatifu kabisa.

Neno likasomwa. Kisha Mama Neema, jirani yetu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akasema, "Mzee, tuombee sasa, chai inapoa." Mzee Eliakimu akasimama. Sote tukafumba macho. Jeremia akaanza kupiga kinanda chini chini.

Niwaambie kuhusu sala za Mzee Eliakimu. Zina njia yake na haziruki kituo. Anaanza na viongozi wa nchi, anashuka mkoa, wilaya, kata, mtaa. Halafu wagonjwa. Halafu wasafiri, yatima na wajane, mifugo, na mwisho kabisa mvua. Watu wanaijua njia hiyo kama njia ya nyumbani, ukisikia mifugo unajua ujitayarishe kufumbua macho. Na hakuna mtu, mtoto au mkubwa, aliyewahi kumkatiza. Mara moja mbuzi aliingia sebuleni kwa watu na Mzee akamwombea na mbuzi.

Alikuwa mkoani nilipohisi ubaridi kwenye kisigino.

Nikafumbua jicho moja. Maji yalikuwa yametoka chini ya mlango wa bafu, yanakuja kwenye korido kimya kimya, membamba, yanang'aa. Nikaenda. Nilipofungua mlango, mashine ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, blanketi limelowa limening'inia, maji yanamwagika pande zote nne, na vitambaa vya shangazi vimepanda juu kama maziwa yanayochemka. Nikapanda kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Taa ya mashine ikazimika. Nikachukua taulo kavu, nikafunga macho, nikashika plagi, nikachomoa.

Nikasubiri maji yakome.

Hayakukoma. Mashine imezimwa, waya nimeushika mkononi, na maji bado yanaingia, "shiiii", yale yale, kasi ile ile. Niliuangalia ule waya, nikaangalia mashine, nikaangalia tena waya. Kitu kisicho na umeme kinafanya kazi, na mimi niko nacho chumba kimoja.

Nikatupa taulo chini ya mlango kuziba, likajaa, maji yakapita juu yake. Sakafu ya korido yetu ina mteremko kuelekea sebuleni (fundi aliyeimwaga alikuwa na haraka, shangazi bado anamlaani), na nilipogeuka nikaona maji yameshanipita. Yalikuwa mlangoni mwa sebule.

Mzee alikuwa kwenye kata.

Nikahesabu vigae. Kutoka maji yalipo mpaka kwenye ekstensheni, vigae sita. Vidole vya Koko, kigae cha sita. Amefumba macho, anaitikia "eeh, eeh", mikono juu ya mapaja.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo nikakusanya pumzi niseme "Maji!", na hakuna kilichotoka. Watu ishirini wamefumba macho, mzee wa kanisa anazungumza na Mungu, na mimi, Elibariki wa darasa la saba, ndiye nimkatize? Nikamsogelea shangazi nikamgusa bega. "Shangazi," nikanong'ona. Akanishika ule mkono wangu akaubana kwa nguvu, bila kufumbua macho, akasema, "Ndiyo, Bwana, mguse." Alidhani nimeguswa na Roho. Nikavuta, hakuniachia.

"Tunakuletea na mtaa wetu, ee Bwana," alisema Mzee.

Vigae vinne.

Nikajinasua. Plagi ya ekstensheni ilikuwa nyuma ya kochi walilokalia kina mama watatu, siwezi kuifikia bila kuwanyanyua. Kuivuta ekstensheni yenyewe siwezi, hata nikiandika hivi siwezi. Kumvuta Koko peke yangu, goti lile, angepiga kelele watu wangedhani namuua. Nikakumbuka swichi kubwa, juu ya kichwa cha Mzee. Na nikakumbuka kitu alichosema baba siku ya ndama: mti mkavu haupitishi. Nikakimbilia jikoni. Kitu cha mti kilichokuwa karibu ni mwiko wa shangazi, ule mrefu, uliokuwa umelala kwenye sufuria ya loshoro, mahindi yetu ya kupondwa na maziwa mgando.

"Wagonjwa wetu, Bwana, walioko hospitali na walioko majumbani."

Vigae vitatu. Sakafu ilikuwa imeshalowa upande wangu na sikuthubutu kuikanyaga, kwa hiyo nilipanda kwenye mkono wa kochi, nikapita juu ya migongo ya makochi kama paka, nikishika ukuta, nikiomba sala yangu mwenyewe isiyo na mkoa wala wilaya. Jeremia anapiga kinanda amefumba macho. Mama Neema amefumba macho (mara ya kwanza kumwona amenyamaza). Nikafika kochi la mwisho. Swichi bado mbali, kama mkono mmoja na nusu. Nikajinyoosha, mguu mmoja hewani, mwiko juu, na kichwa cha Mzee Eliakimu, ambacho hakina hata unywele, kiko chini yangu kabisa.

"Na mvua, ee Bwana," akasema. Alikuwa ameruka wasafiri, ameruka yatima, ameruka na mifugo, nadhani na yeye alisikia harufu ya chai. "Asante kwa maji. Uzidi kutumiminia, Baba, utujaze hata tufurike."

"Amina," wakaitikia wengine mapema.

Kigae kimoja.

Nikapiga swichi. "Ta!" Kinanda kikafa katikati ya noti. Na tone la loshoro, zito, la baridi, likadondoka kutoka kwenye mwiko likatua juu ya kichwa cha mzee wa kanisa.

Akafumbua macho. Wote wakafumbua macho. Na walichokiona ni mimi, nimesimama juu ya kochi la shangazi, nimemwinulia mzee mwiko.

Mnajua ninyi wenyewe kumpiga mwanamume na mwiko ni laana gani kwetu, hata kwa mzaha, na huyu ni mzee wa kanisa, ndani ya sala.

"Elibariki!" shangazi akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Unataka kumpiga Mzee?"

"Kijana," Mzee akasema taratibu, akijipangusa kichwa, akaangalia vidole vyake, akavinusa. "Nimekukosea nini?"

Nilisema neno moja tu. "Maji."

Ndipo Koko akasema, akiwa ametulia kabisa, "Ni kweli. Yamenifikia kidoleni."

Wakaangalia chini. Mnajua kuku wakiona mwewe? Kina mama wakapanda makochi, Jeremia akakumbatia kinanda chake, mtu akapiga kelele "Shoti! Shoti!", na mimi nikawa narudia kwa sauti iliyopasuka kama ya jogoo mdogo, "Nimezima, nimezima, nimezima." Wanaume wawili na shangazi wakamnyanyua Koko na mkeka wake wote. Mama Neema ndiye aliyekuwa jasiri (au mdaku), akakunja gauni akaenda mpaka bafuni, akarudi mbio macho yamemtoka.

"Mama Glory, ile kitu imechomolewa! Waya uko chini na bado inakunywa maji! Shindwa! Shindwa kabisa!"

"Rama ameniuzia jini," shangazi akasema, akakaa.

Watu wakaanza kukemea. Wengine wanakemea, wengine wanachota na sufuria, na maji yanaongezeka. Mimi nimeganda juu ya kochi na mwiko wangu. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie la kufanya.

"Nyamazeni," Koko akasema kutoka kule juu walikokuwa wamembeba. "Wewe wa mwiko. Kwenu mlimani, mfereji ukivunja kingo ukaingia shambani, mnachota na sufuria?"

"Hapana, Koko."

"Mnafanya nini?"

"Tunapanda juu... tunafunga mfereji kule unakotoka."

"Sasa unasubiri nini?"

Nilivyoruka lile kochi sijui. Nilipita mlango mkubwa, nikazunguka nyumba, nikapanda ule mnara wa tangi pekupeku. Koki ilikuwa imeshikwa na kutu, nikavua shati nikaizungushia, nikaning'inia nayo kwa uzito wangu wote mpaka ikalia "kriiik". Nikashikilia pale, kifua wazi, nikisikia maji yanakufa ndani ya bomba. Nilipoangalia chini nikaona wapita njia, wateja wa gereji ya jirani, watoto, wote wamesimama wananitazama kama tangazo. Na nikaona, kwenye ngazi za kibaraza chetu, viatu vya jumuiya vinashuka na maji kimoja kimoja kuelekea barabarani, cha Mzee Eliakimu mbele, vingine vinafuata.

Jeremia alimwita fundi Hamisi kutoka karakana ya barabarani. Akaingia na bisibisi yake, watu wote nyuma yake kwenye korido, chai imesahaulika. Akaniuliza mimi, "Ulipochomoa waya, maji yalikoma?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi si jini," akasema. "Ingekuwa yamekoma ulipochomoa, ningesema kile kipimo cha ndani kinachoiambia mashine imejaa kimeharibika. Lakini kama haina umeme na bado yanaingia, ni valvu ya kuingizia maji. Imeshindwa kufunga. Kuna kitu kimeibana." Akaifungua, akaigonga kwenye kiganja, akatuonyesha. Chembe mbili tatu za mchanga mweusi. "Mlima huo," akasema. Halafu akachungulia pale mpira unapoingilia. "Mbona hapa hapana kichujio?"

Mimi nikainama kukusanya blanketi lililolowa.

"Rama," shangazi akasema. "Aliniuzia bila kichujio. Mtu karibu afe kwa ajili ya yule mwizi." Alikuwa ameshatoa simu, ameshapiga, ameweka sauti ya nje. "Rama! Wewe umeniuzia mashine haina kichujio! Bibi wa watu hapa ilibaki kigae kimoja! Nitakutangaza kanisani, nitakutangaza sokoni, hutauza hata pasi!"

"Mama, naapa ilikuwa nacho," sauti ya Rama ilisema, nayo ilikuwa inatetemeka. "Mama, tafadhali. Nilikisafisha mwenyewe."

"Mtu asinunue kwake tena," Mama Neema akasema, na watu wakaitikia kama wanavyoitikia sala.

Shati langu lilikuwa begani, limelowa. Na mfukoni nilikisikia, kidogo, kigumu, kinanigusa kifua. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Lakini nilikuwa nimenyamaza saa nzima, tangu mkoani mpaka mvua, na nilikuwa bado naviona vile vidole vya Koko. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kichujio, nikakiweka kwenye kiganja cha fundi.

"Ni mimi," nikasema. "Na vitambaa havikuwa kambani."

Sitaandika alichosema shangazi. Alimwomba Rama radhi kwanza, pale pale kwenye simu, na hilo liliniumiza kuliko maneno yaliyonifikia mimi baadaye. Nilimaliza masika yote nikifua kwa mkono. Mzee Eliakimu alivaa kiatu chake kilicholowa, akaniangalia muda mrefu, nikajua sasa ninatengwa na kanisa. Akasema, "Kijana, uliona maji yanakuja ukanisubiri mimi nimalize?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi?" Akatikisa kichwa. "Mungu hajawahi kunisubiri hivyo."

Na Koko, wakimtoa nje kwa mikono sita, akaniita nisogee. "Goti hili halikimbii," aliniambia. "Ungesubiri Amina, mimi ningefika kwa Baba kabla ya sala." Akacheka mpaka waliombeba wakayumba. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku, nikakaa mpaka kuku wote wakaingia kulala.

Kichujio kilirudi mahali pake, na kila Jumamosi nakisafisha kwa mswaki (mswaki wa zamani, msiniulize wa nani). Kakoki ka ukutani fundi alikabadilisha. Ekstensheni sasa inapita juu ya kabati.

Wiki iliyofuata jumuiya ilikuwa kwa Mama Neema. Nilikaa pembeni, karibu na jiko, kichwa chini. Mzee Eliakimu akasimama, tukafumba macho, akaanza na viongozi wa nchi. Alikuwa hajafika hata wilayani nikasikia kitu jikoni, "fuuu", na harufu. Ulimi ukawa gunzi. Nikajiambia, Eli, ni maziwa tu, hakuna anayekufa, nyamaza. Nikajiambia pia kwamba siku ile nilianza hivyo hivyo.

Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Samahani, Mzee," nikasema, kwa sauti, mbele za watu wote. "Maziwa yanamwagika."

Mzee akafumbua jicho moja, akaniangalia mikono kwanza kama nimeshika kitu. Halafu akasema, "Amina," akakaa.